Keshia wa Tunduma Anafundishwa Nini?

Kabla ya EFD, yaani mashine za kielektroniki za kutoa risiti za kodi, ukeshia katika maduka mengi ya Tanzania, Tunduma ikiwamo, ulikuwa kazi ya kichwa na kalamu: kukariri bei, kujumlisha kwa kikokotoo, kuandika risiti yenye nakala ya kaboni, na jioni kulinganisha daftari la mauzo na fedha iliyomo kwenye droo. Mafunzo yenyewe yalikuwa kukaa karibu na mwenye duka mpaka akuamini. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato (TRA) ikaanza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) watumie EFD, na tangu 2013 zikawafikia wengi wasiosajiliwa, licha ya migomo ya maduka katika miji kadhaa. Malipo ya simu ya M-Pesa nayo yalikwisha kuingia nchini tangu 2008. Matokeo yake wenye maduka wengi huona kwamba keshia wa leo hufundishika kwa siku moja. Nadhani wanakosea. Teknolojia imempunguzia keshia hesabu na kumwongezea maamuzi, na maamuzi huchukua muda mrefu zaidi kufundishika.

Tuchukue bidhaa ya shilingi 11,800, kodi ya asilimia 18 ikiwa ndani. Mashine itaonyesha yenyewe kwamba VAT ni 1,800, kazi ambayo zamani ingemtoa mtu jasho. Lakini keshia akiongeza sifuri moja, mashine hiyohiyo itapokea 118,000 bila kusita, itahesabu kodi ya 18,000, na risiti ikishatoka haifutiki kwenye kumbukumbu yake. Anayejua vitufe tu hatashtuka. Atakayeshtuka ni yule aliyezoea kukadiria jumla kichwani kabla ya kuisoma kwenye kioo, na ambaye jioni, akitoa ripoti ya Z ya kufunga mauzo ya siku, anaweza kueleza kwa nini haikubaliani na droo. Kwa maana hiyo hesabu za kichwa hazijapitwa na wakati. Zimegeuka kuwa njia ya kuikagua mashine.

Tunduma inalidhihirisha jambo hili kuliko miji mingi, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia, na kwacha si fedha ngeni mjini hapa. Januari 2013 Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye sarafu yake, kwacha 1,000 ya zamani ikawa 1 mpya, na kwa muda noti za aina zote mbili zikatumika pamoja. Aliyekosea noti alipoteza mara elfu. Mwaka 2025 kanuni za Tanzania zikapiga marufuku kutangaza bei au kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hivyo keshia sasa lazima ajue namna ya kumweleza mteja Mzambia, kwa adabu, kwamba abadilishe fedha kwanza. Kuna pia malipo ya simu kwa Lipa Namba: ujumbe ulio kwenye simu ya mnunuzi si uthibitisho, kwani unaweza kughushiwa. Mzigo usitoke mpaka simu ya duka ithibitishe, hata kama nyuma ya mnunuzi huyo kuna foleni inayolalamika.

Wapo watakaosema mafunzo marefu ni gharama, na keshia aliyeiva huhamia duka la jirani. Ni kweli, wengine huhama. Ila asiyefundishwa naye ana gharama zake: shoti ya kila wiki, yaani upungufu wa fedha kwenye droo, ambayo mara nyingi hukatwa kwenye mshahara wake kana kwamba ni wizi. Wengine watasema utaratibu wa zamani ulitoa watu makini zaidi. Sikubali, maana uliwafunga kwenye bei na mazoea ya duka moja. Anayeijua EFD vizuri anaweza kufanya kazi Vwawa, Mlowo au Mbeya. Kwa hiyo ningependa siku ya kwanza mwanafunzi aachiwe droo, kalamu na daftari, mashine ikiwa imezimwa, na siku zinazofuata mkufunzi aingize makosa kwa makusudi kwenye mauzo ya mazoezi, aone ni mangapi yatagunduliwa kabla ya kufunga hesabu.