Shilingi 60,000 za kujitangaza: zikae wapi?

Mwenye saluni ndogo ya kusuka kule Tabata au Mbagala, Dar es Salaam, akitenga shilingi 60,000 kwa mwezi ili ajitangaze, wa kuzipokea hawakosekani. Yupo kijana wa kusponsa picha Instagram, yupo mwenye pikipiki ya spika, yupo wa vipeperushi, yupo anayeuza SMS za jumla, na yupo wa kuchapa kadi za "suka mara tisa, ya kumi bure". Kila mmoja atakutajia idadi ya watu watakaokuona. Ni idadi nzuri kuisikia, ila hailipi pango. Mwenye saluni anahitaji kujua mambo mawili tu: kila mteja aliyekaa kitini kwa sababu ya fedha hizo amemgharimu shilingi ngapi, na je, atarudi?

Tuweke tarakimu za mfano, na kila msomaji abadilishe kwa zake. Mteja analipa shilingi 25,000. Ukitoa rasta, fungu la msusi, umeme na pango, tuseme inabaki 8,000.

Tuanze na kusponsa, maana ndiko wengi wanakokimbilia. Unaweka 60,000, picha inaonekana na maelfu, na ujumbe wa "bei?" na "mko wapi?" unamiminika hadi usiku wa manane. Tuseme baada ya purukushani zote hizo wanafika wateja wapya 6. Kila mmoja amekugharimu 10,000, nawe umebaki na 8,000 kwake. Umepoteza 2,000 kwa kila kichwa, na hapo hatujahesabu kodi inayoongezwa kwenye bei ya tangazo, makato ya kadi, bando, wala muda wa kujibu watu ambao hawakuwa na nia ya kuja.

Hilo halifanyi tangazo kuwa baya. Misuko mingi hukaa wiki sita hadi nane kabla ya kufumuliwa. Mteja akirudi kwako mara sita kwa mwaka anakuachia 48,000, na ile 10,000 ya kumvuta inageuka kuwa kitu kidogo. Akija mara moja akapotea, umemlipia mtu nauli ya kwenda kwa jirani. Wahenga walisema pakacha likivuja ni nafuu ya mchukuzi. Kwenye biashara hii mchukuzi ni muuza matangazo, kwa kuwa kadiri wateja wanavyovuja ndivyo utakavyorudi kwake mwezi ujao kununua wengine.

Pikipiki ya spika inafaa wiki ya kufungua au ukihama mtaa. Vipeperushi vinafaa pale tu anayevigawa anaposimama mahali wanapopita wateja wako hasa, si kituo cha daladala chenye watu wa kila aina. Sina zaidi la kusema juu ya hivyo viwili.

SMS za jumla zina mambo mengi kuliko wauzaji wanavyoeleza. Tuchukue bei ya shilingi 20 kwa ujumbe mmoja. Ukiwa na daftari la wateja 200, ujumbe kwa wote ni shilingi 4,000. Sasa angalia kinachoitwa ujumbe mmoja. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukitia imoji hata moja, mfumo hubadili namna ya kuuandika na nafasi hushuka hadi 70. Ukiwa mrefu zaidi hukatwa vipande, kila kipande kikibeba 67. Maana yake, ujumbe wa herufi 150 ulioandikwa wazi unalipiwa mara moja, na ujumbe huohuo ukiongezwa ua moja mwishoni unalipiwa mara tatu. Zile 4,000 zimekuwa 12,000 kwa sababu ya ua.

Kuna na jina la mtumaji. Halizidi herufi 11, kwa hiyo "Saluni ya Mama Rukia" halitaingia, na mteja hawezi kulijibu. Lazima namba ya kupiga iwe ndani ya ujumbe, nayo inakula nafasi. Na kwa kuwa 60,000 zingenunua SMS 3,000, ambazo saluni ndogo haina wateja wa kuwatumia, kishawishi kinachofuata ni kununua namba za watu usiowajua. Usifanye hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinataka namba ya mtu itumike kwa jambo aliloitolea. Hata bila sheria, mtu anayepata ofa ya rasta kutoka kwa asiyemjua hafikirii kusuka; anafikiria nani ameuza namba yake. Mwulize mteja akiwa bado kitini kama angependa kukumbushwa, na anayekataa usimwandike.

Faida ya SMS haiko kwenye wingi, iko kwenye tarehe. Ukiandika siku mteja aliyosuka, wiki ya sita unajua nywele zimeanza kulegea, naye anajua. Ujumbe wa siku hiyo hausomwi kama tangazo. Unamkuta akiwa tayari anajiuliza aende wapi.

Lakini utajuaje kama ujumbe ndio uliomleta? Wengi hujidanganya hapa. Mteja wa kudumu angekuja hata ungenyamaza, kisha akija unasema SMS imefanya kazi. Fanya jaribio la bei nafuu: pitia daftari, mmoja mtumie, anayefuata mruke, hivyo hivyo hadi mwisho. Usichague unaowapenda. Tuseme baada ya wiki mbili wamekuja 14 kati ya 100 uliowatumia, na 9 kati ya 100 uliowaruka. Ujumbe umekuletea 5, wala si 14. Gharama ni 2,000, yaani shilingi 400 kwa kila mmoja wa wale watano, nao wamekuachia 40,000. Linganisha na 10,000 kwa kichwa kule Instagram. Tarakimu ndogo kama hizi huweza kuwa bahati tu, kwa hiyo rudia mwezi unaofuata kabla ya kujipongeza.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni bure, na kwa saluni inaizidi SMS kwa jambo moja kubwa: picha. Unaweka katalogi ya mitindo na bei, na maswali ya "bei?" yanapungua. Ila ina mtego ambao watu huugundua wakiwa wamechelewa. Orodha ya kutuma ujumbe kwa pamoja inabeba watu 256, na anayeupata ni yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Waliobaki hawaoni chochote, nawe huambiwi. Mwombe mteja ahifadhi namba kabla hajainuka kitini. Kuhusu kuwaweka wateja wote kwenye grupu moja, nashauri uache: kila mmoja anaona namba za wenzake, na saluni ya mtaa wa pili ikiingiza mtu humo umeikabidhi daftari lako lote bila malipo.

Kadi ya "ya kumi bure" ndiyo inayoonekana rahisi kuliko zote, na ndiyo yenye hesabu za kuteleza. Bure moja kati ya kumi ni punguzo la asilimia 10. Kwa duka la mtaani la Mangi linalouza sukari na unga, ambako faida ya kilo ni shilingi chache, kadi hiyo inaweza kula faida yote. Kwa saluni hali ni tofauti. Jumanne asubuhi viti viko wazi, pango linalipwa vilevile, na gharama halisi ya huduma ya bure ni rasta na fungu la msusi. Kwa hiyo andika kwenye kadi kwamba ile ya bure ni ya Jumatatu hadi Alhamisi. Ukiiacha wazi, atakuja nayo siku ya kuamkia Idi, akachukua kiti cha mtu mwenye fedha mkononi.

Halafu mara kumi ni mbali. Mteja wa kila wiki saba atangoja zaidi ya mwaka, na kadi itakuwa imeshafuliwa ndani ya suruali. Watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, mwaka 2006 walichapisha jaribio la kadi 300 kwenye sehemu ya kuosha magari nchini Marekani. Nusu ya wateja walipewa kadi yenye nafasi 8 tupu. Nusu nyingine kadi ya nafasi 10 ambayo 2 zilikuwa zimeshapigwa muhuri. Wote walibakiza mara nane, lakini waliokamilisha walikuwa asilimia 19 upande wa kwanza na asilimia 34 upande wa pili. Gharama ya ile mihuri miwili ilikuwa wino. Kwa saluni ningeweka nafasi sita na moja ipigwe muhuri siku ya kwanza, zawadi ikiwa kuoshwa na stimu badala ya msuko mzima.

Kadi, hata hivyo, haibebi biashara yenye kasoro. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na kadi ya pointi iliyojaa kwenye pochi za watu wa Nairobi na Mombasa. Wasambazaji walipoacha kuleta bidhaa kwa kutolipwa, rafu zikabaki tupu, na pointi hazikumzuia mtu kwenda duka jingine. Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe.

Punguzo la bei kwa wote, kwa maoni yangu, ndilo chaguo ghali kuliko yote, ingawa halitoi shilingi mfukoni. Kitu kinachouzwa 10,000 na kukugharimu 7,000 kina faida ya 3,000. Punguza asilimia 10, faida inabaki 2,000. Unahitaji wateja watatu pale walipokuwa wawili ili tu ubaki ulipokuwa. Nyongeza ni bora zaidi, na soko letu linaijua tangu zamani. Kupaka mafuta ya ngozi ya kichwa mwishoni mwa kazi kunaweza kukugharimu shilingi 300, wakati mteja angeyanunua kwa 1,000. Bei yako inabaki ileile.

Na kukopesha? Daftari la madeni ni chombo cha kumfunga mteja, lakini pia ni cha kumfukuza. Anayedaiwa 15,000 na hana, hupitia njia ya nyuma asionekane, na anapokuja kuzipata husuka kwingine kwa aibu. Umepoteza deni na umepoteza mteja. Kama lazima ukopeshe, kiwango kiwe kidogo kiasi kwamba hakimfanyi mtu aone haya.

Wauza semina hupenda kutaja makala ya Frederick Reichheld na Earl Sasser ya mwaka 1990, kwamba kupunguza kwa asilimia 5 wateja wanaoondoka huongeza faida kati ya asilimia 25 na 85. Makala hiyo ipo, lakini ilitazama biashara kama benki, bima na kampuni za kadi za mkopo za Marekani, si saluni ya viti vitatu. Upande wa pili Byron Sharp, katika kitabu chake cha mwaka 2010, anadai kwamba chapa hukua kwa kupata wanunuzi wapya wengi wanaonunua mara chache. Anazungumzia bidhaa kubwa za madukani. Kwa saluni iliyofunguliwa mwezi jana, isiyo na mtu wa kumkumbusha, Sharp yuko sahihi: tangaza, hata kwa hasara ya mara ya kwanza. Kwa iliyokaa miaka mitatu, daftari kwanza.

Kuna chaguo moja ambalo hakuna atakayekuja kukuuzia. Kwenye kusuka, mteja mara nyingi ni wa msusi, si wa saluni. Namba yake iko kwenye simu ya msusi, na siku msusi akihamia mtaa wa tatu, viti vinahama naye. Msusi anayesuka vichwa 40 kwa mwezi, ukimwongezea 1,000 kwa kila kichwa, anakugharimu 40,000. Zinabaki 20,000: hizo zinatosha SMS 200 za ukumbusho kwa mwezi, mafuta ya nyongeza kwa vichwa vyote 40, na chenji ya kununua daftari jipya la kuandikia tarehe, likae mezani kwako badala ya kwenye simu ya mtu.