MSOMI WA MGODI, ACHA KUDESA!

Haya wasomi wangu wa Mlimani na kwingineko, leo nawagusa palepale panapouma. Unasomea uhandisi wa migodi, kompyuta unayo, bando lipo, bumu limeingia. Lakini zoezi umelidesa kwa mshkaji. Eti "muhimu maksi"! Thubutu!

Mimi ni mtoto wa Shinyanga, jamani. Huku kwetu kifusi si mchoro wa kwenye kioo. Agosti 2025 pale Nyandolwa, wachimbaji zaidi ya 20 walifukiwa shimoni. Januari 2017 kule Geita walinaswa watu 15, wakakaa chini siku kadhaa. Hao Mungu saidia, walitoka wazima.

Sasa sikia utamu wa teknolojia. Kuna programu za kuigiza mwamba. Unachora shimo, unaweka nguzo, unaongeza maji ya mvua. Kompyuta inagawanya nguvu ya mwamba kwa mzigo ulioubeba. Jibu likishuka chini ya 1, umekwisha: kifusi! Uzuri ni kwamba hapo hafi mtu. Unarudia, unapunguza upana wa njia, unajaribu tena mpaka ujue kwa nini uliporomoka. Ukibandika jibu la mwenzio, umejua nini? Umejua kubandika tu.

Walimu nao wasijifiche. Kuhamisha mhadhara kutoka ubaoni kwenda kwenye slaidi si maendeleo, ni usingizi wa rangi. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Marekani na wenzake walipitia tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu. Wakakuta wanaofundishwa kwa mhadhara mtupu wako kwenye hatari ya kufeli mara moja na nusu ya wenzao wanaoshirikishwa.

Dawa yake? Kila kikundi kibomoe mgodi wake kwenye kompyuta, kisha kisimame kieleze, wengine wabishe. Halafu ukija mazoezi kwa vitendo Geita au Bulyanhulu, usiishie kupiga picha na kofia ngumu. Muulize mchimbaji mkongwe anausikiaje mwamba ukilia kabla haujashuka.

Maana ipo siku utatia saini karatasi, watu washuke chini kwa neno lako. Ukidisko chuoni, unarudi nyumbani kwa mama. Wao wakidisko shimoni, hawarudi.