Modi Zilezile kwenye Kompyuta Yoyote

Luanti ni mchezo wa bure wa kujenga dunia kwa vibonge. Perttu Ahola wa Ufini aliuanzisha mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na jina la sasa lilikuja mwaka 2024. Hukubali kompyuta kuukuu, na ukishawekwa huchezeka bila intaneti. Kwa sababu hizo unafaa mahali kama Daudi, wilayani Mbulu, ambako bando hupimwa kabla ya kutumika.

Utamu wake uko kwenye modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe: mimea, mashine, wanyama, samani. Taabu nayo huanzia hapohapo. Tuseme vijana wamejenga soko na mashamba, kisha wakaibeba folda ya dunia yao kwa flashi hadi kompyuta nyingine. Wakiifungua, sehemu ya soko imegeuka vibonge visivyotambulika. Dunia ya Luanti huhifadhi majina ya vitu na mahali vilipo, lakini sura na tabia ya kila kitu hutoka kwenye modi. Modi ikikosekana, au ikiwa ya toleo jingine lililobadilisha majina, jina linabaki bila mwenyewe. Wanaocheza Bus Simulator Indonesia na kuyavalisha mabasi rangi za kampuni za Tanzania na Kenya wanaujua usumbufu wa aina hii: faili la mwenzako linafunguka kwake, kwako linagoma, na hakuna anayekumbuka lilikuwa toleo lipi.

Dawa ninayoiamini ni kuyaandika matokeo badala ya hatua. Programu iitwayo Nix, iliyoanzishwa na Eelco Dolstra nchini Uholanzi na kufafanuliwa katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2006, hufanya kazi hivyo. Huiambii "pakua hiki, nakili kile". Unaandika faili la maelezo linalotaja mchezo, modi zake na matoleo yake, nayo inatafuta njia ya kufika hapo. Pembeni yake hukaa faili la kufungia matoleo, ambalo kwa kila chanzo hurekodi hashi: mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye maudhui yenyewe. Badilisha herufi moja ndani ya modi, na hashi inabadilika. Mkusanyiko wa modi ukishajengwa huwekwa kwenye ghala lisiloandikwa juu yake, kila toleo na folda yake, kwa hiyo ukijaribu modi mpya ikaharibu mambo, unarudi kwenye toleo la jana bila kukisia.

Hapa ndipo ninapoona faida kubwa kwa mtu wa Daudi kuliko hata kwa mtu wa Uholanzi ilikoanzia Nix. Tumezoea kuliamini faili kwa kuangalia lilikotoka: tovuti inayojulikana, rafiki mwaminifu. Hashi inahamisha imani hiyo kutoka kwenye chanzo kwenda kwenye maudhui. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri mjini Babati anaweza kupakua modi zote mara moja na kuzituma kwa flashi, na kompyuta ya Daudi itazikagua dhidi ya hashi iliyoandikwa. Zikilingana, ni zilezile, hata kama flashi imepita mikono kumi. Zisipolingana, Nix inakataa. Kuna hata njia rasmi kwa mafaili ambayo mwandishi wake haruhusu yasambazwe: maelezo hutaja jina na hashi tu, na mtumiaji analileta faili mwenyewe kutoka anakolipata kihalali.

Lakini hashi haifufui kilichopotea. Modi ikifutwa kwenye chanzo chake na hakuna aliyehifadhi nakala, maelezo yanabaki kuwa ushahidi kwamba iliwahi kuwapo. Mwaka 2021 tovuti kubwa ya Nexus Mods iliamua mafaili ya modi yahifadhiwe badala ya kufutwa moja kwa moja, ili mikusanyiko inayoyategemea isivunjike. Baadhi ya waandishi walikasirika na kuondoa kazi zao. Naielewa hasira yao. Kazi ni yao. Ndiyo maana modi zenye leseni huria, ambazo Luanti inazo nyingi, ndizo msingi salama wa mkusanyiko unaotakiwa kudumu.

Kuna ugumu mwingine. Nix huendeshwa kwenye Linux na macOS. Kwenye Windows lazima ipitie mfumo mdogo wa Linux ulio ndani yake. Ghala lake hutaka nafasi ya diski. Michezo inayoandika ndani ya folda zake yenyewe hugombana na ghala lisilobadilika, hivyo dunia na kumbukumbu za mchezaji lazima zikae kando. Na lugha ya maelezo yake ni ngumu mwanzoni, wala sioni sababu ya kumficha msomaji hilo.

Hata hivyo, anayetengeneza mkusanyiko wa modi leo asitoe folda iliyobanwa peke yake. Aambatishe faili la maelezo na la kufungia matoleo. Asiye na Nix bado atasoma humo chanzo, toleo na hashi ya kila modi, na kwa hayo ataweza kuujenga mkusanyiko uleule kwa mkono.