Tik ya pasi, feni ya oili

Washa pasi ya umeme, iache mezani. Haipiti muda utasikia "tik", taa yake ndogo izimike. Ngoja kidogo: "tik" tena, taa imewaka. Hakuna aliyeigusa. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa, moja hutanuka upesi kuliko mwenzake, basi kikipata moto hujipinda na kukata umeme. Ndugu wa kipande hicho huongoza feni ya kipoza oili kwenye gari, ila yeye kazi yake ni kinyume: joto likizidi, huunganisha.

Magari mengi hutegemea maji kupoza injini. Porsche 911 ilikuwa na ukaidi wake. Kuanzia 1963 hadi 1998 yalitengenezwa matoleo yasiyo na rejeta ya maji. Injini yao, iliyokaa nyuma, ilipozwa kwa upepo na oili. Baadhi yalibeba oili zaidi ya lita 10, na sehemu yake ilisafiri kwa mabomba marefu kupita chini ya mlango hadi kwenye kipoza kilichofichwa mbele, ndani ya madigadi ya kulia.

Gari likiwa mbioni, upepo wa mwendo hufanya kazi hiyo bure. 911 SC ya Vic Preston Mdogo ilimaliza ya pili katika Safari Rally ya 1978, na gari la mashindano halikai foleni. Taabu ni za sisi wengine, tuliokwama saa nzima juani. Hewa imetulia ndani ya madigadi, na oili haina uwezo wa maji: kwa uzito uleule, hubeba takriban nusu tu ya joto. Ndipo katika magari ya mwaka 1987 kiwanda kikaongeza feni ya umeme kwenye kipoza hicho.

Sasa iwake lini? Mafundi wengi wana jibu moja: "Unga daireki, nchi yetu ya joto." Nawaheshimu, lakini hapa wanakosea. Oili baridi ni nzito, huchelewa kufika inakohitajika. Tena mvuke unaotokana na uchomaji wa petroli huingia ndani yake ukawa maji, na maji hayo hayatoki mpaka oili ipate moto wa kutosha. Kwenye 911 kuna kituko zaidi: termostati haifungui njia ya kwenda mbele mpaka oili ipite nyuzijoto 80 na kitu. Kabla ya hapo feni ya daireki inapuliza kipoza ambacho oili bado haijafika, huku brashi za mota zikilika.

Basi tuseme umeweka swichi ya nyuzijoto 95 kamili. Oili inafika 95, feni inawaka. Inashuka nukta moja, feni inazima. Inapanda, inawaka. Rilei italia kama panzi, na kila mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ikishachanganya. Swichi nzuri, kwa hiyo, ina vipimo viwili: huwasha kwenye 95, haizimi mpaka 85.

Pengo hilo halihitaji kompyuta. Ndani ya swichi kuna kisahani cha metali mbili kilichobonyea kidogo, kama kifuniko cha kopo. Bonyeza kifuniko hicho kwa kidole gumba: kinakataa, kinakataa, halafu ghafla kinageukia upande wa pili. Hata ukilegeza kidole kidogo, hakirudi. Kisahani nacho kikishageuka kwa joto, lazima kipoe sana ndipo kirudi. Umbo lake ndilo kumbukumbu yake.

Swichi ifungwe pale oili ya moto inapoingilia, si inapotokea ikiwa imekwisha kupozwa, la sivyo feni itajidanganya yenyewe. Mzigo wa mota upite kwenye rilei, na fyuzi ikae karibu na betri.

Kabla ya kufunga, pima swichi nyumbani: itie kichwa tu kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nyaya mbili kwenye mita, upashe taratibu hadi iungane. Dar es Salaam au Mombasa maji yatatosha. Nairobi tumia mafuta ya kupikia, maana kwa mwinuko wa huko maji huchemka karibu na nyuzijoto 94, na swichi nzima ya 95 utaitupa ukidhani mbovu.