Mkaguzi wa Barabara na Kazi Iliyofukiwa

Huenda msomaji amepata kumwona mtu amesimama kando ya barabara inayotengenezwa, ana daftari kwapani na ubao mrefu mkononi, hashiki sululu wala haendeshi greda, akajiuliza mtu huyo hulipwa mshahara kwa kazi gani. Mimi nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na walioniuliza hawakukosea, maana kazi ya mkaguzi haionekani. Barabara ikiwa njema, sifa humwendea kontrakta na wakubwa waliokuja kuifungua. Ikiharibika, ndipo watu hukumbuka kwamba palikuwa na mkaguzi.

Katika Kenya, tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 kwa mujibu wa Katiba ya 2010, barabara za kaunti na mifereji ya maji ya mvua mijini ni jukumu lao. Lakini mkaguzi akiajiriwa na kaunti, au kama awe aliajiriwa na halmashauri zilizotangulia, adui wake ni mmoja, naye ni maji. Magari huichakaza barabara polepole. Maji yaweza kuichukua kwa usiku mmoja, kama wengi walivyoona wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024.

Kwa hiyo twaanza na mgongo wa barabara. Barabara ya murram haifai kulala sawasawa kama meza, maana maji yatatuama juu yake. Barabara yenye upana wa mita 5, ikiwa mteremko wa kila upande ni asilimia 6, katikati yake yapasa kuwa juu ya kingo kwa sentimita 15. Ubao wangu umechongwa kwa mteremko huo huo: nikiulaza juu ya murram na kuweka pimamaji, kiputo kikikaa katikati, mgongo ni halali. Madereva hunung'unika kwamba gari laegemea upande. Heri liegemee kuliko kukwama.

Kisha lipo zege, yaani mchanganyiko wa simiti, mchanga, kokoto na maji. Vibarua hupenda kuongeza maji ili lipakulike kwa wepesi, na kila debe la ziada lapunguza nguvu yake. Tuna koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300. Hujazwa zege bichi kwa matabaka 3, kila tabaka likadungwa kwa fimbo ya chuma mara 25, kisha koni huinuliwa taratibu, nasi twapima zege limeporomoka kiasi gani. Likitandazika chini kama uji, halipiti. Tena hutengenezwa vipande vya mraba vya milimita 150, ambavyo huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28 ili nguvu yake ijulikane.

Mambo hayo mtu aweza kuyapima mbele ya macho ya watu. Taabu yetu iko katika kazi inayofukiwa. Kalvati likisha funikwa udongo, aliyelijenga vyema na aliyelijenga vibaya hufanana.

Naandika hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kukosa. Ilikuwa Ijumaa jioni, katika sehemu ya milimani wakulimapo chai. Nilikuwa nimechelewa kwa kukagua kazi nyingine, na nilipofika nikakuta mabomba ya saruji yamekwisha fukiwa. Nyapara akanijia kwa adabu, akasema, "Bwana Mkaguzi, viungo vyote tumevipiga simiti, na chini tumeshindilia. Tulifunika kwa kuwa mvua yaja." Nilitazama mawingu, nikatazama saa, nikatia sahihi. Kontrakta akalipwa.

Mvua za masika zilipofika, shimo likafunguka katikati ya barabara, na gurudumu la nyuma la lori la majani chai likazama humo. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa yakishindiliwa ndani ya magunia hupata moto na kugeuka rangi, na kiwanda huyakataa. Asubuhi nilikuta akina mama wakimwaga kando ya barabara jasho lao la siku nzima, na hakuna aliyenitukana, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Tulipofukua, tuliona viungo vya mabomba vikavu kabisa, havikuguswa na simiti. Maji yalikuwa yakinyonya udongo kupitia mianya ile, kidogo kidogo, mpaka barabara ikabaki ganda tupu. Katika ripoti niliandika jina langu kwanza, kisha la kontrakta. Nilipewa barua ya onyo, nayo nilistahili.

Tangu siku ile, kalvati lililofukiwa kabla sijaliona hufukuliwa. Nataka kuona kitako cha bomba, viungo vyake, na udongo wa pembeni ukishindiliwa kwa matabaka ya milimita 150, pande zote mbili kwa pamoja ili bomba lisisukumwe. Nataka pia mawe mahali maji yatokeapo, yasije yakachimba korongo. Kontrakta mmoja niliyemwamuru kufukua alinitumia habari kwamba ana mbuzi mnono kwa ajili ya watoto wangu. Nilimjibu kwamba watoto wangu hula maharagwe, na kesho yake alifukua. Viungo 2 kati ya 6 vilikuwa vikavu.

Sharti niseme pia habari ya mashamba, kwa kuwa wasomaji wengi ni wakulima. Maji ya mtaro hayawezi kuendeshwa kando ya barabara maili nzima. Yapasa kuchepushwa kila baada ya mwendo, yakatoke penye majani. Na kando ya barabara hapakosi shamba la mtu. Mzee mmoja aliuziba mchepuko wetu kwa udongo mara tatu. Mara ya nne nilikwenda kwake bila vibarua. Aliniambia, "Mwanangu, ninyi mwaponya barabara yenu kwa kuua mahindi yangu." Alinionyesha mistari 5 ya mahindi iliyolala chini ya mchanga. Alikuwa na haki. Aliyechora mfereji ule aliuelekeza katikati ya shamba, naye hakufika mahali penyewe.

Tulitembea pamoja, tukakubaliana mfereji ufuate mpaka wake na jirani, uwe mpana na wenye kina kidogo, na ukingo wake upandwe matete. Jirani naye aliitwa, wakapatana kugawana maji kwa ajili ya ndizi zao. Kuuhamisha mfereji kulichukua siku 2, pamoja na barua nyingi za kueleza kwa nini mchoro umebadilishwa.

Mzee huusafisha mfereji huo mwenyewe kabla ya masika. Nikipita kwake huniuliza kama nimebeba ubao wangu, kwa maana asema barabara mbele ya lango lake imeanza kulala.