Kilolo: Sehemu 6 za kutembelea kwenye wilaya ambayo wengi huipita wakiwa wamelala kwenye basi

Kama umewahi kupanda basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya, Songea au Tunduma, basi Kilolo umeshafika. Ila pengine hukujua, kwa sababu ulikuwa umelala au ulikuwa unachezea simu.

Ukimaliza Mkoa wa Morogoro unafika Ruaha Mbuyuni, na hapo ndipo Mkoa wa Iringa unapoanza. Wilaya ya kwanza unayoikanyaga ni Kilolo, iliyozaliwa mwaka 2002 baada ya kumegwa kutoka Iringa Vijijini.

Wageni wengi wanaokuja Iringa wanaenda Hifadhi ya Ruaha, Isimila na makumbusho ya Mkwawa kule Kalenga. Ni sehemu nzuri, hakuna ubishi. Lakini zote ziko upande wa pili wa mji. Upande huu wa Kilolo kuna uwanja wa vita uliotikisa utawala wa Wajerumani, na kuna msitu ambao bado unawashangaza wanasayansi wa dunia nzima.

Hizi hapa sehemu sita za kuanzia.

1. Ruaha Mbuyuni na bonde la mibuyu

Jina linajieleza lenyewe. Pande zote za barabara kuu mibuyu imesimama kwa mamia, mingine minene kiasi kwamba watu kadhaa wakishikana mikono ndio wanaweza kuizunguka. Kiangazi inakuwa haina majani kabisa, na hapo ndipo picha zinapotoka vizuri zaidi.

Hapa ni joto, tofauti na Iringa unayoifikiria. Ni eneo la vitunguu, vinalimwa kwa maji ya mto na kuuzwa kando ya barabara. Ukishuka, nunua cha kupeleka nyumbani.

Ukiendelea kidogo unafika Mtandika, na kutoka hapo kuna njia ya kwenda Msosa, upande wa Iringa wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Watu wengi wanajua lango la Mang'ula tu, kule Kilombero.

2. Mlima Kitonga

Kila dereva wa lori la Zambia au Kongo anaujua. Barabara inapanda kwa kujikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine bonde. Ndani ya muda mfupi unatoka kwenye joto la mibuyu unaingia kwenye baridi ya nyanda za juu.

Chini ya mlima kuna migahawa ambako mabasi mengi husimama abiria wapate kula. Kama una gari lako, pumzika hapo, angalia breki, ndipo upande. Usisimame kwenye kona eti unapiga selfi. Malori yanashuka na mizigo mizito na hayana ujanja wa kukukwepa.

3. Lugalo, walipoanguka Wajerumani

Ukisikia Lugalo unafikiria kambi ya jeshi na hospitali ya Dar es Salaam. Jina hilo limetoka hapa, Lugalo ya Kilolo, kando ya barabara kuu kati ya Ilula na Iringa mjini.

Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilikuwa kinapita eneo hili kikienda kumwadhibu Mtwa Mkwawa. Zelewski alikuwa ameshapata sifa ya ukatili pwani, na watu walimwita Nyundo. Alikuwa na askari wenye bunduki za kisasa na mizinga, na hakuamini kwamba watu wenye mikuki wangeweza kumfanya lolote.

Wahehe walijificha kwenye vichaka na mawe wakamsubiri. Kikosi kilipojipanga kwenye mstari mrefu ndani ya eneo lao, wakatoka kwa pamoja. Mkuki ukifika karibu, bunduki ndefu haina nafasi ya kujazwa risasi. Dakika chache tu zilitosha. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wenzake tisa na sehemu kubwa ya askari wake. Wahehe nao walipoteza watu wengi, lakini waliondoka na bunduki karibu 300.

Wajerumani walihitaji miaka mitatu kabla ya kuiangusha ngome ya Kalenga, Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe.

Pale Lugalo upo mnara wa kumbukumbu waliojengewa Wajerumani waliokufa. Simama hapo kidogo utafakari. Walioshindwa ndio waliojengewa mnara wa mawe, walioshinda hadithi yao imebaki midomoni mwa watu. Ndiyo maana ni muhimu kumtafuta mzee wa kijijini akuhadithie. Mwamkie kwa adabu, "Kamwene", halafu kaa usikilize.

4. Udekwa na msitu wa Ndundulu

Hii ndiyo sehemu ambayo ingekuwa nchi nyingine, ingekuwa kwenye kila tangazo la utalii.

Udekwa ni kijiji kilicho pembeni ya msitu. Mbele yake kuna milima ya Ndundulu na Nyumbanitu, sehemu ya Udzungwa, ambayo nayo ni kipande cha Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya. (Usiichanganye Nyumbanitu hii na ile ya Njombe yenye pango maarufu.) Misitu hii imekaa peke yake kwa muda mrefu mno, kama visiwa, ndiyo maana ina viumbe ambao hawapatikani kwingine.

Angalia mfululizo huu:

• 1991: Watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini waliona miguu ya ndege ya ajabu ndani ya sufuria ya mboga. Kumbe alikuwa kwale ambaye sayansi haijawahi kumsikia. Leo anaitwa kwale wa Udzungwa. Waliomtega walikuwa wanamjua siku nyingi kama kitoweo tu.

• 2004: Nyani mdogo mwenye nywele zilizosimama kichwani na mlio kama wa kubweka alionekana Ndundulu. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine walikuwa wamemwona Rungwe, Mbeya. Ni kipunji. Mwaka 2006 ikathibitika kwamba hana ndugu wa karibu wa kuwekwa naye kundi moja, akaundiwa jenasi yake mwenyewe. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima kwa zaidi ya miaka 80.

• 2005: Kamera zilizotegwa msituni zilimnasa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo. Alitangazwa rasmi kama spishi mpya mwaka 2008.

Kwaheri ya kusema kila kitu kimeshagunduliwa!

Sehemu kubwa ya msitu huu iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na nyingine iko ndani ya hifadhi ya taifa chini ya TANAPA. Kwa hiyo huingii tu. Unahitaji kibali na mwongozaji, na kama unalala, hema na chakula chako.

5. Kilele cha Luhombero

Kwa wenye miguu ya kazi. Luhombero ndicho kilele kirefu kuliko vyote Udzungwa, karibu mita 2,576 juu ya usawa wa bahari. Si mlima wa kwenda na kurudi asubuhi. Ni safari ya siku kadhaa ndani ya msitu, unalala porini, na kuna tembo na nyati. Usijaribu bila askari wa hifadhi.

6. Nyanda za juu: Kidabaga, Boma la Ng'ombe, Pomerini

Ukitoka Iringa mjini kupitia Ipogolo unapanda kwenda Kilolo yenyewe, yalipo makao makuu ya wilaya. Huku ni ukungu, misitu ya mbao, viazi, pareto na siku hizi parachichi kwa wingi. Vilima vinafuatana mpaka macho yanachoka.

Pomerini ni kijiji chenye jina la Kijerumani. Wamisionari wa Kilutheri walikiita Pommern, jina la eneo la kwao, na wenyeji wakalilainisha likakaa vizuri mdomoni.

Ukija msimu wa mvua utakutana na ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi michanga. Wa asubuhi ni mtamu kama juisi. Wa jioni, muulize mwenyeji kwanza!

Kwa nini hili ni jambo kubwa

Hesabu ya kipunji iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kwamba duniani wako 1,117 tu, na kati yao Ndundulu walikuwa kama 75. Hao 75 wanatosha kwenye basi moja na nusu. Moto mmoja wa kiangazi au mitego ya msimu mmoja inaweza kufanya uharibifu usiorudishika.

Na si wanyama peke yao. Milima hii ndiyo inayolisha mito kama Lukosi, unaomwaga maji Ruaha Mkuu kabla ya kufika bwawa la Kidatu lenye mitambo ya megawati 204. Taa inayowaka Dar inahusiana na mti uliosimama Kilolo.

Sasa, kijana wa Udekwa anaambiwa asitege, asikate, asichome. Sawa. Lakini ale nini? Mgeni mmoja anayelipa mwongozaji, mbeba mizigo na mama wa kupika anatoa jibu ambalo semina haiwezi kutoa. Kijiji kikiona msitu unaleta hela ukiwa umesimama, kitaulinda chenyewe.

Kabla hujaondoka nyumbani

• Muda mzuri wa kupanda milima ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimeisha. Beba koti, Juni na Julai baridi ya huku si ya mchezo.

• Barabara za vijijini ni za vumbi na zinateleza mvua zikinyesha. Pikipiki au gari lenye nguvu ndiyo salama.

• Beba kitambulisho cha taifa. Mtanzania analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje.

• Toa hela taslimu mjini Iringa, na usitegemee mtandao msituni.

• Ukifika kijijini, pitia ofisi ya kijiji kwanza ujitambulishe. Ni heshima, na ndipo utakapompata mwongozaji anayeaminika.

Kama huna siku tatu, anza na moja: asubuhi Lugalo, mchana Kitonga, jioni mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Zote ziko kwenye lami. Safari hii usilale kwenye basi.