UZI: "Tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani." Hoja hii ijibiwe vipi?

1/ Kila mjadala wa tabianchi, hakosi mmoja wa kusema: "Dunia imebadilika tangu zamani." Sawa, ni kweli. Lakini swali ni je, haya ya sasa ni kawaida ya pale, au ni mageni? Jibu liko kwenye tope. Twende polepole.

2/ Sakafu ya bahari ina vijiumbe wadogo kama punje ya mchanga: foraminifera. Wengi hujijengea gamba la chokaa. Akifa, gamba hubaki na kufunikwa na tope, tabaka juu ya tabaka. Sisi hapa Kiembeni mambo haya si mageni: mawe mengi tunayojengea ni matumbawe ya kale.

3/ Utajuaje nani hai, nani mfu? Wataalamu hutia rangi ya waridi. Mwenye nyama ndani huishika, gamba tupu haliishiki. Aliyekufa juzi pia huweza kuishika, kwa hivyo wanahesabu kwa tahadhari. Walio hai wanaeleza leo. Wafu wanaeleza jana.

4/ Sasa njoo Antaktika. Mapema 2002, barafu ya Larsen B, kama kilomita za mraba 3,250, ilivunjika kwa siku 35 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara 10 ya Kaunti ya Mombasa!

5/ Ndiyo kawaida yake? Utafiti wa tope la pale, uliochapishwa 2005, ulisoma magamba hayo na mabaki mengine: barafu ile ilikuwa imesimama zaidi ya miaka 10,000. Hapo "tangu zamani" haishiki.

6/ Tuwe wa haki: kwenye maji baridi ya ncha za dunia, chokaa huyeyuka kwa urahisi, na kumbukumbu hupotea. Ndiyo maana hai na wafu hulinganishwa. Shahidi anayesahau bado ni shahidi, mradi ujue anasahau nini.

7/ Yatuhusu nini? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe takriban Sh1.76 bilioni kwa athari za bandari. Kesi kama hizo husimama juu ya swali moja: kabla ya mradi, bahari ilikuwaje?

8/ Kwa hivyo mkiitwa kwenye kikao cha mradi wa kuchimba bahari, msibishane kwa kelele. Ulizeni: tope lilipimwa lini, wapi, na matokeo yako wapi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari. Itumie.